Fomu za tathmini ya wahadhiri: tunapima ufundishaji au tunapima sura na rangi?

Mnyanyembe

Wakuu, heshima kwenu wote.

Nafundisha chuo hapa Tabora. Kila mwisho wa muhula wanafunzi wanajaza fomu ya kumtathmini mhadhiri. Maswali mnayajua: anawahi kipindi, anaeleweka, ameimudu kozi, anarudisha majaribio kwa wakati. Wanatia alama 1 hadi 5, kompyuta inatoa wastani, wastani unaingia kwenye faili la mtu. Akiomba kupanda daraja, unasomwa. Mkataba ukiisha, unasomwa. Nimeleta uzi huu kwa sababu naamini fomu hiyo, kwa namna tunavyoitumia, inaonea watu, na uonevu wenyewe una rangi na lafudhi ndani yake.

Kuna idara moja ninayoifahamu, chuo sikitaji. Kozi moja iligawanywa makundi mawili kwa sababu wanafunzi walizidi ukumbi. Kundi moja likachukuliwa na mhadhiri Mtanzania, mwenyeji wa mkoa huu huu. La pili likapewa mgeni, Mzungu aliyekuja kujitolea. Silabasi moja, slaidi zile zile, tena aliyezitengeneza ni huyo Mtanzania. Fomu ziliporudi, mgeni kaandikiwa "amejiandaa vizuri sana" na "ana maarifa ya kisasa". Mtanzania kaandikiwa "anasoma slaidi tu". Kazi iliyosifiwa kule ndiyo iliyolaumiwa huku.

Sisemi wanafunzi wale walidanganya. Waliandika walichokisikia, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Mwaka 1992 mtafiti Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, alichapisha jaribio ambalo kila anayekaa kwenye kamati ya taaluma angepaswa kulifahamu. Aliwakusanya wanafunzi 62 wa shahada ya kwanza akawasikilizisha mhadhara uliorekodiwa, wa kama dakika 4. Sauti ilikuwa moja kwa wote: mwanamke Mmarekani wa Ohio, ambaye Kiingereza ndiyo lugha aliyozaliwa nayo. Wakati wanasikiliza, mbele yao kulikuwa na picha ya mtu aliyedaiwa kuwa ndiye mhadhiri. Wengine walionyeshwa mwanamke Mzungu, wengine mwanamke mwenye asili ya Asia. Hakuna kingine kilichobadilika.

Walioona sura ya Kiasia walisema mhadhiri ana lafudhi ya kigeni. Wakuu, lafudhi hiyo haikuwepo kwenye ile sauti. Iliingizwa na macho. Kisha wakapewa jaribio la kupima walichokishika kwenye mhadhara, na walioona sura ya Kiasia wakapata alama za chini kuliko wenzao. Yaani picha haikuishia kuwabadilisha maoni, ilifika hadi kwenye kile walichoelewa. Mwanafunzi wa namna hiyo akiandika "haeleweki" anasema kweli tupu kuhusu nafsi yake, na wakati huo huo anamsingizia mwalimu.

Tafiti nyingine nazipitia haraka. Mwaka 2010 Landon Reid alichambua tovuti ya Marekani ambako wanafunzi huwapa maprofesa alama, akachukua vyuo 25 vyenye sifa kubwa. Maprofesa weusi na wenye asili ya Asia walipata alama za chini kwa ubora na kwa uwazi wa maelezo. Mwaka 2020 Kerry Chávez na Kristina Mitchell wakachapisha matokeo ya kozi ya mtandaoni iliyokuwa sawa kwa kila kitu, makundi yakitofautiana kwa mwalimu aliyejitambulisha kwenye video ya kuwakaribisha. Wanawake na wasio Wazungu walipewa alama za chini. Kozi ile ile.

Mtasema hayo ni ya Marekani, nchi yenye historia yake ya utumwa na ubaguzi, sisi huku wote weusi. Basi tuangalie historia ya mji wetu. Waingereza walianzisha Tabora School miaka ya 1920, wakiwalenga hasa watoto wa machifu. Nyerere alisoma hapo kuanzia 1937, akaenda Makerere, akarudi Tabora kufundisha St. Mary's kuanzia 1946 mpaka alipoondoka kwenda Edinburgh mwaka 1949. Katika miaka hiyo hiyo Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali katika Afrika Mashariki, ilipendekeza Mwafrika mwenye sifa sawa na za Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Hiyo ilikuwa 1948. Kazi moja, cheti kimoja, malipo matatu kwa matano! Mpango huo uliachwa baada ya Tume ya Lidbury ya 1954, iliyoupitia tena utumishi huo, na shule ziliendelea kutengwa, za Wazungu peke yake, za Waasia peke yake, za Waafrika peke yake, mpaka Januari 1962. Babu zetu walifundishwa kwa vitendo, miaka nenda miaka rudi, kwamba maarifa yana ngazi na ngazi zina rangi. Fundisho la namna hiyo halifutwi na tangazo la serikali.

Ninachoomba ni kimoja: sauti ya mwanafunzi ibaki, lakini namba ile isiamue riziki ya mtu. Karibuni.

Binti wa Mwanga

Shikamoo mwalimu. Mimi niko chuo hapa Kigoma, mwaka wa mwisho. Nimesoma uzi wako mara mbili na kuna mahali pananiuma.

Tulifundishwa na mwalimu kutoka India. Sikumwelewa. Sikumwelewa kweli, si kwa sababu ya sura yake. Wiki za kwanza nilikuwa nanakili notsi za mwenzangu aliyewahi kusoma shule yenye walimu Wahindi. Mitihani haisubiri, ukifeli unapata sapu, yaani mtihani wa marudio, ukifeli tena unakeri kozi, unairudia mwaka unaofuata, ada anailipa mzazi anayeuza dagaa Kibirizi. Sasa nikiandika "haeleweki" nimekuwa mbaguzi? Naogopa mjadala huu utamfanya mwanafunzi anyamaze hata pale anapoumia.

Reli ya Kati

Dada hapo juu amesema kweli. Naongeza: wahadhiri wetu wengi hawajiandai. Notsi za miaka kumi iliyopita, anakuja nusu saa imepita, anatoka mapema kwa sababu ana kipindi chuo kingine. Mzungu wa kujitolea hana kazi tatu, ana muda wa kukaa na wanafunzi. Hapo alama ikitofautiana unasingizia rangi? Na hao maprofesa weusi wa Marekani, nani kakuhakikishia kwamba hawakuwa wakali wa kusahihisha, au kozi zao ngumu?

Mnyanyembe

Marahaba binti yangu. Na asante Reli ya Kati, umeuliza swali ambalo lazima lijibiwe.

Naanza na wewe kaka. Kwa utafiti kama wa Reid, unaochukua alama zilizokwisha kutolewa, swali lako ni halali. Ukiona kundi moja liko chini huwezi kujua kwa hakika sababu ni mwalimu au macho ya mwanafunzi. Kwa taarifa yako, katika data zile zile kozi za maprofesa weusi na wa asili ya Asia zilionekana kuwa rahisi zaidi, kwa hiyo hoja ya ukali inakwama hapo. Lakini ndiyo maana nilikaa muda mrefu kwenye jaribio la Rubin. Pale hakuna mwalimu mvivu wala mwenye bidii, hakuna mwenye kazi tatu, hakuna mkali. Kuna sauti moja iliyorekodiwa mara moja. Ukibadilisha picha, matokeo yanabadilika. Pale uvivu utauweka wapi?

Mfano mwingine unahusu jinsia, lakini njia yake ni nzuri. Lillian MacNell na wenzake, huko North Carolina, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015 walitumia kozi ya mtandaoni ambako wanafunzi hawawaoni walimu. Walimu wasaidizi wawili, mwanamume na mwanamke, kila mmoja akafundisha kundi moja kwa jina lake na kundi jingine kwa jina la mwenzake. Kazi zilirudishwa kwa wakati ule ule. Kwenye swali la kurudisha kazi kwa wakati, aliyedhaniwa kuwa mwanamume alipata 4.35, aliyedhaniwa kuwa mwanamke 3.55. Tarehe ya kurudisha kazi ni kitu cha kalenda, hakina maoni, na bado jina liliipinda. Wanafunzi walikuwa 43 tu na mtu akilalamika kwamba ni wachache simlaumu. Ila fomu zetu hapa kwenye makundi madogo hujazwa na watu pungufu ya hao, na tunaziamini.

Hao wahadhiri wasiojiandaa wapo, tena nawajua. Wachukuliwe hatua kwa daftari la mahudhurio, kwa kukaguliwa mitihani waliyotunga, kwa mwenzao kuingia darasani kusikiliza. Huo ni ushahidi unaoweza kumkamata mtu.

Sasa binti yangu. Lafudhi ngeni ni jambo la kweli na kutomwelewa mtu si dhambi. Watafiti wawili wa Arizona, Constance Clarke na Merrill Garrett, walionyesha mwaka 2004 kwamba msikilizaji anaanza kuizoea lafudhi ngeni kwa haraka sana, hata ndani ya dakika moja anakuwa mwepesi zaidi kuliko alivyoanza. Sikio linajifunza. Tatizo ni kwamba mtu akishajiambia "huyu sitamwelewa" anaacha kusikiliza, na asiyesikiliza sikio lake halipati nafasi ya kuzoea. Kwa hiyo usinyamaze. Andika, kwa mfano kama ni kozi ya tiba: "Sikuelewa sehemu ya dawa za moyo, alipita haraka, hakuandika majina ubaoni." Hayo mwalimu anaweza kuyarekebisha wiki ijayo. "Haeleweki" hawezi kuirekebisha, itabaki kwenye faili lake tu.

Mtoto wa Kasulu

Mwalimu umeongea ya Wazungu na Wahindi, mimi niseme ya huku kwetu mpakani.

Nimefundisha chuo kimoja mkoani Kigoma. Tulikuwa na mwenzetu mzaliwa wa upande wa pili wa mpaka, amesoma kwa Kifaransa, Kiingereza chake kina mkokoto wa Kifaransa. Hesabu anaijua hadi mizizi. Kabla hajaingia darasani wanafunzi walishaona jina lake kwenye ratiba na wameshaliamua. "Mkongo huyo." Wengine "Mrundi huyo". Kwenye fomu akaandikiwa kwamba hajui Kiingereza. Wakati huo huo alikuwepo kijana Mfaransa amekuja kwa utafiti wa ziwa, akapewa vipindi vichache vya takwimu. Lafudhi ya Kifaransa nzito kupita ya mwenzetu. Yeye aliandikiwa kwamba lafudhi yake inapendeza.

Lafudhi ya Kifaransa ni moja. Kwenye ngozi nyeusi ikawa upungufu, kwenye ngozi nyeupe ikawa pambo. Tena sisi Waha wenyewe ndio tunaofanyiwa hivyo tukienda Dar, tunaulizwa kama tuna vitambulisho. Ilinisikitisha kuona watoto wetu wanayarudia kwa mwalimu wao.

Mwenzetu hakuongezewa mkataba. Barua ilitaja wastani wa tathmini.

Mzee wa Cheyo

Wanangu, nawasoma kwa makini. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko hapa mjini Tabora.

Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari miaka ya 60, wakati walimu vijana wa Kimarekani wa kujitolea, wa Peace Corps, wamejaa mashuleni, kabla hawajaondoka nchini mwaka 1969. Wengi walikuwa watu wema na wenye moyo, wengine wametoka chuo tu, hawajawahi kushika chaki. Pale pale tulikuwa na walimu wa Kiafrika waliosomea ualimu na kufundisha miaka mingi. Mzazi akija shuleni kuulizia mtoto, alikuwa anamtafuta mwalimu Mzungu amwambie ukweli. Mwalimu Mwafrika anapitwa hapo hapo mlangoni. Nasi watoto tuliona, na tulijifunza kwa kuona.

Tulipohitimu na kuwa walimu tukaupokea mzigo huo huo. Mnyanyembe kataja tatu ya tano. Kizazi cha walimu wangu kiliishi ndani yake. Kulikuwa na mtu anamfundisha kazi bosi wake mgeni na huyo bosi anapokea zaidi. Hao walikuwa wazee wenye heshima, na mishahara yao iliwaambia watoto kwamba baba yenu ni pungufu ya mtu mzima.

Ninyi mliopo kazini msiliache hili kwa sababu eti ni la kitaalamu.

Binti Urambo

Shikamoo mzee wangu. Shikamooni nyote mliotangulia.

Nimesoma shahada ya uzamivu Marekani, jimbo la katikati ya nchi, na nilikuwa mwalimu msaidizi wa somo la takwimu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Chuo sikitaji. Siku ya kwanza niliingia, nikaandika jina langu ubaoni, nikageuka. Msichana mmoja mbele akamwambia jirani yake kwa sauti ya chini kwamba hawezi kumwelewa huyu. Nilikuwa sijafungua mdomo.

Mwisho wa muhula fomu zikasema lafudhi yangu ni nzito. Sawa, ninayo lafudhi, mimi ni mtoto wa Urambo. Lakini mwenzangu mmoja Mzungu wa Ulaya Mashariki, lafudhi yake nzito kuliko yangu, hakuandikiwa hata mara moja. Nilichokifanya ni kuomba mwalimu mwandamizi aje akae nyuma darasani bila taarifa. Alikuja, akaandika ripoti ya kurasa mbili juu ya nilivyoeleza na maswali niliyojibu. Ile ripoti ndiyo iliyonisaidia kupata kazi baadaye. Kama wangeangalia namba peke yake nisingeipata.

Jambo moja la kuwasaidia mnaotaka mabadiliko: Kanada kuna uamuzi wa mwaka 2018 kuhusu Chuo Kikuu cha Ryerson, kilichokuja kubadilishwa jina. Chama cha wahadhiri kilipeleka mgogoro kwa msuluhishi, William Kaplan, naye akaamua kwamba wastani wa tathmini za wanafunzi usitumike kupima ubora wa ufundishaji wakati wa kumthibitisha mtu kazini au kumpandisha cheo. Alisikiliza ushahidi wa wataalamu wa takwimu. Wanafunzi hawakunyimwa fomu, waliendelea kusema wanavyoishi na masomo yao. Kilichoondolewa ni ile namba kuwa hukumu.

Kalamu ya Isevya

Wakuu, mimi nafanya kazi upande wa udhibiti ubora, naona fomu hizi zikiingia. Niseme mambo ambayo mhadhiri haoni.

Vyuo vingi siku hizi mwanafunzi hawezi kuona matokeo yake kwenye mfumo mpaka ajaze tathmini. Matokeo yanatoka usiku, bando linakaribia kuisha, kozi saba, kila kozi maswali ishirini. Anabonyeza 3 kuanzia juu hadi chini. Wengine 5 mfululizo. Halafu tunatoa wastani wenye desimali mbili na kusema huyu wa 4.12 ni bora kuliko huyu wa 3.87. Kwa mtu aliyesoma takwimu ni aibu. Alama 5 na alama 1 za watu wawili haziwezi kuwa sawa na alama 3 za watu wawili, lakini wastani unasema ni sawa.

Swali langu kwa Mnyanyembe: ikiwa tunajua kuna upendeleo, kwa nini tusiwaongezee alama kidogo wanaoonewa, tukafidia?

Mnyanyembe

Ndugu yangu Kalamu, hilo la kubonyeza 3 nilikuwa nalisikia kwa wanafunzi, nashukuru umelithibitisha kutoka ndani.

Kufidia haiwezekani. Mizani ya mnunuzi wa asali ikizidisha kilo moja kila siku, kwa kila mfugaji nyuki, utaijua na utatoa kilo moja. Ikizidisha leo, ikapunguza kesho, na ikawa na kipimo chake kwa kila anayeleta ndoo, huna cha kutoa. Anne Boring, Kellie Ottoboni na Philip Stark walichunguza data za Ufaransa na Marekani wakachapisha mwaka 2016. Wao walikuwa wanatazama jinsia. Waligundua upendeleo unabadilika kwa somo na kwa jinsia ya mwanafunzi anayejaza, kwa hiyo hakuna namba moja ya kuirekebisha. Ukiweka rangi juu ya jinsia, na lafudhi juu ya rangi, nani atakokotoa fidia ya mwanamke mmoja mwenye asili ya Kongo anayefundisha hesabu Kigoma?

Tena tusisahau jambo la msingi. Bob Uttl na wenzake mwaka 2017 walikusanya tafiti zilizolinganisha alama za walimu na kiasi ambacho wanafunzi walijifunza, wakakuta hakuna uhusiano wa maana. Na zamani zaidi, 1993, Nalini Ambady na Robert Rosenthal walionyesha watu wasiowajua walimu vipande vya video visivyo na sauti, visivyozidi sekunde 30, na makadirio ya watu hao yakakaribiana na tathmini za wanafunzi waliosoma muhula mzima. Video haina sauti! Somo lenyewe hawakulisikia. Hukumu ilikuwa imeshatoka kwa mwonekano.

Reli ya Kati

Nimesoma yote. Hiyo ya sekunde 30 imenigusa, nikiri kwamba sikuitegemea. Bado msimamo wangu kwa wahadhiri wavivu uko pale pale, na nashukuru hukuwatetea.

Ila niambieni, mwanafunzi akielezwa mapema kwamba upendeleo upo, hawezi kujirekebisha?

Binti Urambo

Kaka Reli, limejaribiwa. Chuo Kikuu cha jimbo la Iowa, 2019, David Peterson na wenzake waliweka maelezo mafupi juu ya fomu kwa baadhi ya wanafunzi, yakiwaeleza kwamba tathmini huathiriwa na upendeleo usiokusudiwa, hasa dhidi ya walimu wanawake na wasio Wazungu. Walimu wanawake wakapata alama za juu zaidi kwa wanafunzi waliosoma maelezo hayo, alama za wanaume hazikubadilika. Lakini walimu wote wanne kwenye jaribio walikuwa Wazungu, kwa hiyo kwa upande wa rangi haikuthibitisha kitu. Ni dawa ya bei nafuu, inastahili kujaribiwa huku, bila kudhani itamaliza ugonjwa.

Mtoto wa Kasulu

Maelezo hayo huku yaandikwe kwa Kiswahili. Na yataje yale ya kwetu kwa majina: Mzungu, Mhindi, Mkongo, Mrundi. Ukiandika kwa jumla jumla mwanafunzi wa Kigoma atadhani anaambiwa habari za Chicago.

CR Mwaka wa Pili

Shikamooni wote. Mimi ni kiongozi wa darasa, chuo kimoja hapa Tabora. Tumeambiwa wawakilishi wa wanafunzi watakaribishwa kwenye kikao cha kupitia fomu ya tathmini. Nimezoea kulalamika kuhusu wahadhiri, sikuwahi kufikiria upande huu. Mwalimu Mnyanyembe, ukikaa kwenye kiti changu ungependekeza maswali gani? Naomba yawe ambayo wenzangu watayajaza kweli, si karatasi ndefu.

Mnyanyembe

Marahaba kijana wangu. Ningependekeza yapunguzwe yawe machache, na yote yaulize mambo ambayo mwanafunzi ameyaona kwa macho yake, si sifa za mtu.

Badala ya "je, mhadhiri anawahi", uliza vipindi vingapi havikufanyika na kama vilifidiwa siku nyingine. Badala ya "anarudisha kazi kwa wakati", uliza jaribio la kwanza lilirudishwa kabla au baada ya la pili. Uliza ni mada gani hukuielewa na ungependa ifundishweje. Uliza kama ulimfuata ofisini, na kama ulimfuata, ulipata msaada gani. Uliza ni nini kwenye kozi hii kisibadilishwe. Maswali ya "ameimudu fani yake" yaondoke kabisa, mwanafunzi wa mwaka wa pili hana namna ya kujua hilo, na asipojua ndipo anapojaza kwa kutumia sura. Hilo waulizwe wahadhiri wa fani hiyo hiyo, waingie darasani wasikilize, waandike na kutia sahihi kwa majina yao.

Fomu zisifungwe na matokeo. Zijazwe katikati ya muhula, ndani ya kipindi, dakika kumi, mhadhiri akiwa nje. Hapo yule aliyeshindwa kumwelewa mwalimu wake anaweza kusaidiwa kabla ya UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, maana baada ya UE anayefaidi ni wa mwaka unaofuata.

Na maneno ya juu ya fomu, ningeweka haya: "Tafiti zimeonyesha kwamba rangi, uraia, jinsia na lafudhi ya mwalimu vinaweza kubadilisha tunavyomsikia hata pale ufundishaji ulipo sawa, awe Mzungu, Mhindi, Mkongo, Mrundi au Mtanzania mwenzetu. Kabla ya kujibu, kumbuka alichofanya darasani na uandike hicho."

Binti wa Mwanga

Mwalimu, hilo la katikati ya muhula nalitaka na Kigoma. CR, mkimaliza kikao njoo utuambie walisema nini kuhusu mikataba, maana nahisi hapo ndipo watakapogoma.

CR Mwaka wa Pili

Dada, nimeyanakili yote. La mikataba nitaliweka la kwanza kwenye ajenda ya wanafunzi, tukiwa bado na nguvu. Naenda na jaribio la Rubin limechapishwa kwenye karatasi moja, nitamgawia kila mjumbe.

Mzee wa Cheyo

Mwanangu, wagawie kabla kikao hakijaanza. Wakishaanza kuongea hawasomi.